Nani Atamwogesha Baba

Mwenyekiti alitaka sura yake iwe ya kwanza. Hilo halikunishangaza, maana nimekulia Arusha na najua kuwa hata kikao cha kununua jembe kina meza kuu. Kilichonishangaza ni kwamba baada yake alitaka ifuate sura ya Makamu Mwenyekiti, kisha Katibu, kisha Mweka Hazina, kisha wajumbe kwa kufuata umri, na mwisho kabisa, kama nafasi ingebaki, wazee wenyewe. Nilimwuliza kwa adabu zote kama haoni kwamba tovuti ya kituo cha kutunza wazee ingependeza ikianza na wazee. Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi.

"Binti," akasema, "itifaki izingatiwe hata huko kwenye intaneti."

Hizo zilikuwa enzi za soko huria, na mji mzima ulikuwa umeingiwa na wazimu wa kufungua vitu. Mwenye nyumba inayotazama barabara alitoboa ukuta akafanya duka. Mwenye duka alilikata katikati akaweka simu ya kulipia. Na mwenye simu ya kulipia, kama tajiri wangu, alinunua kompyuta nne zilizokwisha kuchoka huko Ulaya, akazipanga kwenye chumba kimoja pale Kaloleni, na kuandika nje kwa rangi nyekundu kwamba dunia nzima inapatikana humu ndani. Mimi ndiye niliyeketi mlangoni mwa hiyo dunia. Waliingia madalali wa utalii kuwinda wateja, wakaingia wachimbaji wa Mererani wakiwa bado na vumbi la shimoni kwenye nyusi, wakaingia wasichana waliokuwa wanaandikiana na wazungu na kuniomba niwatafsirie mapenzi. Nilitafsiri, na pale mapenzi yalipopungua niliongeza ya kwangu.

Kutengeneza tovuti nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada. Nilijua kuyafanya maandishi yatembee, kuyafanya yakonyeze, na kuweka kule chini kihesabio cha kumwambia mtu kwamba yeye ni mgeni wa ngapi. Kwa Arusha ya wakati ule hiyo ilikuwa digrii. Ndiyo maana kamati ya kituo ilipotaka tovuti, ilishuka moja kwa moja hadi kwangu.

Kituo chenyewe kilikuwa mlimani, upande wa Meru, katikati ya migomba na kahawa, kimeanzishwa na watu wa kanisa. Kilikuwa na jengo moja zuri la wazee wasio na mtu. Vilevile kilikuwa na wahudumu waliozunguka kwa baiskeli, mjini na vijijini, kwenda kuwasaidia wazee wenye watu wao: kuwaogesha, kuwageuza, kuwasafisha vidonda. Hawa wa baiskeli hawakutajwa popote. Nilipouliza kama niwaweke, Katibu alisema hilo ni suala la ndani, sisi tuweke jengo. Jengo linapigika picha, na picha ya jengo ikifika kwa marafiki wa Ulaya inaweza kuzaa jengo lingine.

Siku ya kupiga picha wazee walivalishwa mablanketi mapya wakapangwa kwenye benchi. Niliwaomba watabasamu. Bibi mmoja aliyekaa pembeni aliniuliza, "Nicheke nini? Mimi nimekuona wapi?" Wengine wote wakaona ana hoja. Wakatoka kwenye picha kama baraza la majaji waliokwisha kuamua mtu anyongwe, na chini yake, kwa amri ya Katibu, nikaandika "Wazee wetu wenye furaha". Niliyafanya maandishi hayo yakonyeze.

Uzinduzi ulifanyika pale pale dukani. Kamati nzima ilishuka mjini na suti zake, ikajibana mbele ya kompyuta moja huku Mwenyekiti akiwa kwenye kiti chenye mgongo. Laini ya simu ikalia, ikakoroma, ikashika. Wakati huo picha haikufunguka mara moja, ilishuka taratibu toka juu. Ukaja upara wa Mwenyekiti. Likaja paji la uso, na lilikuwa paji la kutosha. Yakaja macho. Ilipofika kwenye masharubu umeme ukakatika, na tukabaki gizani tunasikiliza Makamu Mwenyekiti akivuta pumzi, maana zamu yake ilikuwa inafuata.

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nyumbani nikaacha kucheka, kwa sababu baba yangu alikuwa kitandani ameelekea ukutani.

Baba alikuwa muuza vitambaa, Mrangi aliyetoka Kondoa kijana na kuzeekea Arusha. Alikuwa mtu wa usafi wa kuudhi. Alioga asubuhi na jioni hata miaka ile maji yalipokuwa ya kupanga foleni, na kanzu yake aliipiga pasi mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine na kola. Halafu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, akabaki na ulimi wake, ambao haukupungua hata kidogo, na mkono wa kushoto. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani tulibaki baba, kaka yangu, mke wa kaka, ambaye ni wifi yangu, na mimi. Kaka alikuwa dereva wa watalii. Msimu ukichanganya, huyo alikuwa mtu wa mbugani, tunamwona anapokuja kubadilisha nguo.

Mgeni wa mambo yetu angesema nyumba yenye wanawake wawili wazima, wenye nguvu, haiwezi kukosa mtu wa kumwogesha mzee. Inakosa. Wifi ni mke wa mwanawe. Kwao Nduruma baba mkwe anatengewa chakula huku mtu anaangalia pembeni, na kwetu nako si mbali sana na hapo. Mimi ni binti yake, na binti hamvui baba yake nguo. Hayo hakuna aliyeyaandika mlangoni, lakini hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyehitaji kuyasoma. Kaka ndiye aliyemwogesha. Kaka akisafiri alikuja rafiki yake baba wa msikitini, mzee mwenzake, mpaka mgongo wa huyo rafiki nao ukagoma. Kuanzia hapo baba alikuwa anamsubiri kaka arudi na wazungu wake, na mwili haukujali ratiba ya simba.

Akaacha kuswali. Shehe alikuja kumwona, akamweleza kwa upole kwamba mgonjwa ana ruhusa, atayamamu kwa vumbi safi na aswali hapo hapo alipolala, dini yetu ni nyepesi. "Dini ni nyepesi, shehe," baba akamjibu. "Mzito ni mimi." Hakutaka kusimama mbele ya Mola wake ananuka, ruhusa au si ruhusa. Marafiki zake wakija alitutuma tuseme amelala. Msikiti ulikuwa jirani, na kila adhana ilipolia alijikongoja kwa ule mkono wa kushoto mpaka uso ukagusa ukuta. Kidonda kilichomtoka mgongoni kwa kulala kilinitisha. Lakini ule uso ukutani, mara tano kwa siku, ulikuwa unaniua.

Na mimi, jamani, nilikuwa nafanya kazi ya watu wenye sabuni na baiskeli. Niliwaona kwa macho yangu wakifunga ndoo nyuma ya baiskeli na kushuka mlima. Ukiniuliza kwa nini sikusema, nami nitakuuliza wewe ungesemaje. Matroni wa kituo alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke wa Kimeru mwenye sauti ya wodini, mtu wa kumpenda na kumwogopa kwa pamoja. Nilikuwa nikipanda kwenda kwake najizoeza sentensi njiani: Mama, mnaye mwanaume wa kumwogesha baba yangu? Ndani ya sentensi hiyo mmekaa baba na uchi wake, na vyote vinatakiwa vitoke kwenye mdomo wangu. Nilikuwa nikifika, namwamkia shikamoo, nakaribishwa chai, kisha namwuliza habari za migomba. Nadhani aliniona msichana anayependa sana ndizi.

Tovuti ilikuwa na sehemu ya kuandika ujumbe, na ujumbe ukaanza kuingia. Waliandika watoto wa wazee: walioko Dar, walioko Mwanza, walioko Marekani. Kazi yangu ilikuwa kuuchapa kwenye karatasi, kuupandisha mlimani, kuandika majibu ya Matroni na kurudi kuyatuma. Kila ujumbe ulianza na salamu za kutosha harusi. Kisha mtu aliuliza hali ya hewa ya huko mlimani. Kisha aliuliza kama maziwa yanapatikana. Kisha, pale mwishoni, kama mtu anayeaga na ameshika kitasa cha mlango: "Na wahudumu wenu ni watu wa namna gani?"

"Mjibu ni wacha Mungu na wana vyeti," Matroni alisema.

Mtu alishukuru sana, akauliza kama kuna mbu, halafu hatukumsikia tena. Mama mmoja aliyeko ng'ambo aliuliza utaratibu wa asubuhi ukoje kwa wazee wanaume. Matroni akajibu kwamba asubuhi kuna uji. Mama yule akaandika tena akiuliza, mbali na uji, asubuhi kuna nini kingine. Akajibiwa kuna sala. Hakuandika tena.

"Hawa wanataka nini?" Matroni aliniuliza siku hiyo, amekunja karatasi mkononi. "Wanazunguka kama washenga."

Nilijua wanataka nini. Nilikuwa nawasoma na kujiona mwenyewe, maana wote hao walikuwa wanauliza habari za migomba. Walikuwa na baba zao au mama zao mahali fulani, wamelala, wanamsubiri mtu anayeruhusiwa kushika dodoki. Walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta, peke yao, hakuna anayewaona, mahali pazuri kuliko pote duniani pa kuuliza jambo la aibu. Na sisi tulikuwa tumewawekea pale upara wa Mwenyekiti.

Nilipandwa na hasira, na hasira ikanipa ujasiri ambao haya ilikuwa imeninyima, ingawa si wote. Sikuweza kuuliza kwa ajili ya baba yangu. Niliweza kuuliza kwa ajili ya baba za watu. Nikachapa maswali kwenye karatasi, nikaacha nafasi za majibu, na kuomba niingizwe kwenye kikao cha kamati kwa ajenda ya "maboresho ya tovuti". Neno maboresho linafungua milango mingi.

Kikao kilifunguliwa kwa sala, zikafuata soda. Nikagawa karatasi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu na hakuweza kushika maandishi bila kuyasomea darasa. Akavaa miwani akasoma kwa sauti: "Nani atamwogesha baba yangu?"

Swali la pili, "Ni mwanaume au mwanamke?", alilipitia kwa macho tu. La tatu, "Atamwona?", alilifunika kwa kidole. Mchungaji, ambaye alikuwa mjumbe, aligundua kwamba chupa yake ya soda ina maandishi ya kuvutia sana. Makamu alikohoa. Katibu akauliza kama jambo hili aliingize kwenye muhtasari.

"Usiliingize," Mwenyekiti akasema. Kisha akanigeukia, si kwa ukali. "Binti, wewe ni mtoto wa watu. Haya mambo hayasemwi mbele za watu."

"Basi hao wa Dar unadhani wanauliza nini, Mwenyekiti?" Matroni akasema. Nilimwona akinitazama kwanza, kisha karatasi, kisha mimi tena. "Miezi yote hii wanauliza maziwa?"

"Lakini hili si kila mtu anajua?" Katibu akasema. "Mwanaume anaogeshwa na mwanaume."

"Nani anajua? Mimi najua, maana ndiye ninayewapanga. Aliyeko Marekani atajuaje?"

Na pale pale, bila kushusha sauti, Matroni akamwaga yote. Wahudumu wanaume wapo, nao huenda kwa wazee wanaume tu. Wanawake kwa wanawake. Mlango unafungwa, watu wa nyumba wanatoka. Mzee anafunikwa shuka kutoka kitovuni hadi magotini, mhudumu anaingiza mkono na kitambaa chini ya shuka, anaosha bila kuangalia. Shuka ni la kituo, linafuliwa na kituo. Mzee mwenye masharti ya dini anayasema, yanafuatwa. Alisema hayo kama anayekabidhi zamu ya usiku, na kamati nzima ikasikiliza ikiwa inakagua dari.

Mimi niliandika kila neno. Shuka! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna shuka. Usiku mwingi nilikuwa nimelala nikimfikiria baba yangu mbele ya mtu baki kama alivyozaliwa, na kumbe dunia ilikuwa na shuka.

Ndipo tukafika kwenye mgogoro wenyewe. Katibu aliuliza majibu hayo yatakaa wapi. Nikasema juu kabisa, mwanzo, kwa maandishi meusi makubwa, bila picha, maana picha zinachelewesha.

"Juu ya Mwenyekiti?" Katibu akauliza.

"Juu ya Mwenyekiti."

Mweka Hazina aliweka soda chini. Makamu, aliyeelewa haraka kwamba Mwenyekiti akishuka naye anashuka, alitoa rai kwamba kitaalamu jambo zito kama hili lingeundiwa kamati ndogo. Rai ikaungwa mkono, kikao kikafungwa kwa sala, na mimi nikatoka nje nikijua kamati ndogo ni makaburi ya mambo.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya gari lake la kubebea mizigo, anautazama Mlima Meru kama aliyepoteza ufunguo huko. Akaniita. Akaniuliza habari za nyumbani. Akaniuliza kama mjini mvua imeanza. Nikajibu yote, nikasubiri, maana sasa nilikuwa nimekwisha kuijua njia hii na kona zake.

"Hili la shuka," akasema. "Kwa akina mama nako ni hivyo hivyo?"

"Ndivyo alivyosema Matroni, Mzee."

Akaugeukia tena mlima. Mama mkwe wake, alisema, yuko kwake. Mke wake ndiye anayemtunza mama yake, lakini mke amekwenda Dar kwa binti yao aliyejifungua, na dada wa kazi ameondoka juzi bila kuaga. Sasa yeye anapika uji, anaupeleka mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe, anauweka chini, anabisha hodi na kukimbia. Alisema hivyo, kukimbia, mtu mwenye kitambi na vyeti vya ualimu. Bibi anajitahidi kujikokota mpaka mlangoni. Kuoga hakuna.

"Lakini Mzee," nikasema, "si umwambie tu Matroni? Wewe ndiye Mwenyekiti wake."

"Nitamwambiaje?" akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Nikamweleza kwamba kwenye tovuti kutakuwa na mahali pa kujaza: ni mzee wa kike au wa kiume, anaishi wapi, siku gani. Jina la mwombaji si lazima. Mtu anajaza akiwa peke yake na hakuna anayemwona. Akafuta kioo cha gari ambacho hakikuwa kichafu.

"Weka hayo maswali juu," akasema. "Mimi niweke popote."

Kamati ndogo haikuundwa kamwe. Nikaibomoa tovuti yangu usiku na mchana. Nikatoa maandishi yanayotembea, na hilo niliweza. Nikatoa yanayokonyeza, na hilo liliniuma, nisiwadanganye. Kilichobaki kilikuwa cheupe na cheusi, kinafunguka kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti. Juu kabisa: Nani atamwogesha baba yangu? Chini yake jibu, kwa maneno yale yale ya Matroni, shuka na yote. Kisha: Nani atamwogesha mama yangu? Kisha: Sisi tutakuwa wapi wakati huo? Kisha: Naweza kusema masharti ya dini yetu? Uongozi ulipata ukurasa wake wa peke yake, wenye heshima zote, ambao kwa mujibu wa kihesabio ulikuwa na mgeni mmoja mwaminifu. Ninamfahamu, maana Makamu alikuwa anautazama kwenye kompyuta yetu.

Ujumbe ukabadilika. Salamu zikaisha, hali ya hewa ikaisha, maziwa yakaisha. Watu waliandika kama waliokuwa wamebana pumzi: Baba, yuko Sakina, tuma mwanaume, Jumanne. Matroni aliumia. "Hata shikamoo hawasemi," alinilalamikia, huku akigawa baiskeli. Ukaja mmoja kutoka hapa hapa mlimani: Mama mkwe. Mwanamke. Haraka sana. Nisitajwe. "Huyu naye nani?" Matroni akauliza. Nikasema sijui, Mama.

Na mimi? Mimi bado. Swali nilikuwa nimelitundika dunia nzima ilisome, kutoka Sakina hadi Marekani, na kwa baba yangu mwenyewe sikuwa nimelifungulia mdomo. Kila adhana ilipolia, nilikaza macho kwenye sahani ili nisimwone akijikongoja kuelekea ukutani.

Mchana mmoja duka lilikuwa tupu. Nikainuka kwenye kiti changu cha mhudumu, nikaenda kukaa kwenye kompyuta ya kule kona, ile ambayo wasichana walipendelea kwa mapenzi yao. Nikaifungua tovuti kama mteja. Nikajaza: mzee wa kiume, amepooza upande wa kulia, Kaloleni, nyumba ya mlango wa kijani nyuma ya msikiti. Mahali pa masharti ya dini niliandika: Anataka kutawadha. Nikabonyeza tuma. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikafungua sanduku la ujumbe kama mfanyakazi, nikauchapa ujumbe wangu pamoja na wa wenzangu, na kuupandisha mlimani.

Matroni alizisoma karatasi moja moja. Alipofika kwenye yangu alikaa nayo. Alijua ninakoishi, aliwahi kumtuma mtu aniletee ndizi kwenye mlango huo huo wa kijani.

"Mwambie huyu," akasema bila kuinua macho, "kesho baada ya adhuhuri."

"Nitamfikishia, Mama," nikasema.

Mhudumu aliyekuja alikuwa Mwarusha wa Terrat, mtu mzima, mpole, mwenye mikono ya kubebea ndama. Akaegemeza baiskeli ukutani, akafungua ndoo yake, ndani mna sabuni, taulo, na shuka lililokunjwa. Wifi alimwonyesha chumba kwa kidole. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu lazima mtu mmoja aseme kitu, na sikusema.

"Shikamoo, mzee," mhudumu akasema.

"Marahaba." Baba hakugeuka. "Nani kakutuma?"

"Kituo cha wazee, mzee. Cha mlimani."

"Cha kanisa."

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kutawadha?"

"Sijui, mzee. Utanielekeza."

Tangu baba augue hakuna mtu aliyekuwa amemwomba amwelekeze kitu chochote. Sote tulikuwa tunamwelekeza yeye: meza hii, lalia huku, fungua mdomo. Akageuza uso kutoka ukutani akamtazama yule mtu kuanzia masikio yake yaliyotobolewa mpaka ndoo.

"Funga mlango," akasema.

Tukakaa uani, wifi na mimi, tunachambua mchele usio na mchanga. Tukasikia maji. Tukasikia kimya, kisha maji tena. Kisha tukaisikia sauti ya baba, ile ya dukani, ya kumkemea mtu anayekunja kitenge vibaya. "Siyo huo. Mkono wa kulia kwanza." Mhudumu akasema huu hausogei, mzee. "Ndiyo uusogeze wewe." Wifi alijiziba mdomo na kanga akacheka mabega yakatikisika. Nilichelewa kuona kwamba halikuwa cheko tena. Miezi yote alikuwa anampelekea chakula mle ndani, na ile harufu, na hakuwahi kusema neno hata kwa mumewe.

Mlango ulipofunguliwa baba alikuwa kwenye kiti, ameelekezwa kibla, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa. Akaswali adhuhuri yake akiwa amekaa. Tukadhani amemaliza. Akaanza nyingine, na alipotoa salamu akaanza nyingine tena, na hapo tukaelewa kwamba anazilipa zote alizoziacha. Mhudumu alisimama nyuma yake, mkono karibu na bega lile bovu ili asiangukie upande. Alasiri ikaadhiniwa, baba akaiunga humo humo. Wifi akaleta wali.

"Dada," mhudumu akamnong'oneza, "hizi zinaisha lini?"

"Wewe kula, kaka," wifi akamjibu. "Ana za miezi."

Baba alipumzika kidogo akaniita. Nikapiga magoti kando ya kiti. Alinukia sabuni na kanzu iliyopigwa pasi, alinukia baba yangu.

"Huyu ulimpata wapi?"

"Kazini, baba."

"Siku zote alikuwepo?"

"Alikuwepo, baba. Niliona haya kusema."

Alikuwa anatazama mlangoni, si ukutani.

"Nilikuwa nakusikia ukirudi kutoka huko kwa hao watu," akasema. "Kila siku nasema, leo namwambia binti yangu anitafutie mtu. Ukiingia, nakuuliza habari za kazi."

Nikaushika mkono wake wa kulia, ule aliotawadhishwa. Haukuhisi kitu. Alinitazama nikiushika, akaniacha niushike, kisha akaniomba nimnyooshee kiti, maana alikuwa hajamaliza hata za wiki ya kwanza.